Kwa nini muuaji ndiye aliyesimama kwenye mwanga?

Milele amina, Mwalimu.

Nalirudia swali lako kwa kifupi ili na wengine wafuate. Wewe ni katekista. Padre mmoja aliyerudi kutoka masomoni Roma alikupa kalenda ya zamani, na ukurasa wake mmoja una picha ya kuuawa kwa Mtakatifu Mathayo. Umeibandika kwenye chumba cha mafundisho, na sasa wakatekumeni wako, hao wanaojiandaa kubatizwa, hawakupi nafasi ya kupumua: mbona muuaji ndiye amewekwa katikati, mwanga wote juu yake, na mtakatifu amelala chini? Mbona kuna watu nusu uchi kanisani? Kweli Mathayo alifia Ethiopia? Mzee mmoja wa jumuiya amekushauri uitoe ukutani kwa sababu, kwa maneno yake, inamtukuza muuaji. Unauliza kama uitoe.

Usiitoe. Ila mzee huyo usimpuuze, kwa sababu ameona kitu ambacho mchoraji alikikusudia kabisa. Ameona sawasawa kwamba jicho linavutwa kwa muuaji kwanza. Kilichobaki ni kuuliza jicho linapelekwa wapi baada ya hapo.

Picha yenyewe ni ya Michelangelo Merisi, Mwitaliano aliyezaliwa mwaka 1571, ambaye dunia inamfahamu kama Caravaggio, jina la mji wa ukoo wake. Aliichora kwa rangi za mafuta juu ya turubai kati ya mwaka 1599 na 1600. Kimo chake ni sentimita 323 na upana 343. Kwenye kalenda yako muuaji ana urefu wa kidole. Kule kanisani ana kimo cha mtu mzima, na wewe unayetazama unakuwa kama mmoja wa watu waliokuwamo ndani siku ile.

Ipo mpaka leo mahali palepale ilipokusudiwa tangu mwanzo: kanisa la San Luigi dei Francesi, kanisa la Wafaransa waishio Roma, hatua chache kutoka Piazza Navona. Ukiingia, tembea upande wa kushoto hadi kikanisa cha mwisho. Ni chumba chembamba chenye kizuizi mbele, kwa hiyo huingii ndani, unasimama mlangoni. Altare iko mbele yako, na juu yake kuna picha ya Mathayo akiandika Injili huku malaika akimhesabia hoja kwa vidole. Kushoto ni kuitwa kwa Mathayo, Kristo akimwonyeshea mkono mezani pa watoza ushuru. Kulia ndiyo hii yako. Kuna kisanduku cha sarafu: unatumbukiza sarafu, taa zinawaka, dakika chache baadaye zinazima na watu wote wanabaki gizani wakitazamana nani atoe nyingine. Nimesimama pale mara tatu maishani, na kila mara ni katika ule wakati taa zimezimika ndipo nilipoelewa jambo. Kuna dirisha juu ya altare. Mchoraji alilihesabia. Katika picha ya kushoto mwanga unaingia kutoka kulia, katika picha ya kulia unaingia kutoka kushoto. Pande zote mbili unatoka upande wa altare. Kwa hiyo mwanga unaomwangukia muuaji wako, Mwalimu, haukuwekwa kama taa ya jukwaani ya kumsifu. Ni mwanga wa altare.

Kikanisa hicho kilinunuliwa na Mfaransa Mathieu Cointrel, ambaye Waitaliano walimwita Matteo Contarelli na ambaye baadaye alikuwa kardinali. Mathayo alikuwa msimamizi wa jina lake. Alifariki mwaka 1585 kabla mapambo hayajakamilika, akaacha maagizo ya maandishi kuhusu kila picha. Maagizo ya picha ya mauaji yalikuwa ya kina: pawe mahali papana kama hekalu, altare iliyoinuliwa kwa ngazi tatu hadi tano, Mathayo akiwa amevaa mavazi ya Misa, auawe na askari, na bora aonyeshwe amejeruhiwa, ameanguka au anaanguka, lakini hajafa bado. Kuzunguka pawe na watu wengi, wanaume na wanawake, vijana, wazee na watoto, wengine wamejawa na hofu, wengine chuki kwa kitendo kile, wengine huruma.

Zingatia yale maneno "hajafa bado". Ndiyo yaliyoipa picha hii uhai wake, na nitayarudia.

Kazi ilisuasua miaka mingi. Mchoraji mwingine, Giuseppe Cesari, alimaliza dari tu, na mapadre wa kanisa wakachoka kulalamika. Mwaka 1600 ulikuwa Mwaka Mtakatifu, mahujaji wanamiminika Roma, na kikanisa bado kimefungwa mbao. Julai 1599 Caravaggio akapewa mkataba wa picha mbili za pembeni kwa malipo ya skudi 400, sarafu ya Roma ya wakati huo. Hakuwa amewahi kupewa kazi ya kanisani ya ukubwa huo. Alikuwa fundi wa picha ndogo: kijana na kikapu cha matunda, wacheza karata, mpiga udi. Akaanza na hii ya mauaji, na ikamshinda.

Tunajua ilimshinda kwa sababu picha imepigwa eksirei. Chini ya rangi tunazoziona kuna mwanzo mwingine kabisa: watu wadogo zaidi, majengo makubwa nyuma yao. Inaonekana alijaribu kuyafuata maagizo ya kardinali neno kwa neno, hekalu na kila kitu, na watu wakamezwa na nguzo. Akaiacha, akaenda kuchora ile ya kuitwa kwa Mathayo upande wa pili, kisha akarudi. Aliporudi alilifukia hekalu kwa giza. Likabaki kipande cha altare, ngazi, na watu wakubwa kiasi cha kukaribia kukuangukia. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba historia ya uchoraji wa Ulaya iligeuka katika wiki hizo, na sidhani kama natia chumvi. Kizazi kilichofuata, kuanzia Napoli hadi Uholanzi, kilijifunza giza lile.

Sasa hadithi, maana bila hiyo huwezi kuwajibu kuhusu Ethiopia. Injili hazisemi Mathayo alikufaje. Yanayosimuliwa yanatoka katika mapokeo ya baadaye, yaliyoenea sana Ulaya kupitia mkusanyiko wa maisha ya watakatifu wa Jacobus de Voragine, mtawa wa shirika la Mtakatifu Dominiko, katika karne ya 13. Humo Mathayo anahubiri Ethiopia, anamfufua mtoto wa mfalme, na binti wa mfalme, Efigenia, anajiweka wakfu kwa Mungu pamoja na wasichana wengine wengi. Mfalme anafariki. Mrithi wake, Hirtacus, anamtaka Efigenia awe mke wake na anamwahidi Mathayo nusu ya ufalme kama atamshawishi. Mathayo anamwalika kanisani, anahubiri uzuri wa ndoa mpaka mfalme anatabasamu, kisha anamalizia: mtumishi akimnyang'anya mfalme mkewe anastahili kufa; na Efigenia ameshaposwa na Mfalme wa milele. Hirtacus anatoka kwa hasira. Misa inapokwisha anamtuma mtu mwenye upanga, naye anamkuta Mathayo altareni, mikono ameinua kwa sala, anamchoma kutoka nyuma.

Je, ni Ethiopia hii jirani yetu? Jina hilo katika maandishi ya kale ya Kigiriki na Kilatini lilitumika kwa upana sana, nchi zote za watu weusi kusini mwa Misri. Waethiopia wenyewe wanahesabu kuanzishwa kwa uaskofu wao kutoka kwa Frumentio, aliyewekwa wakfu na Athanasi wa Aleksandria karne ya 4, siku za mfalme Ezana wa Aksum. Mwili unaoheshimiwa kuwa wa Mathayo uko Salerno, kusini mwa Italia. Kwa hiyo waambie ni mapokeo ya kale, waishie hapo. Na wakikuuliza mbona watu wa pichani hawafanani na Waethiopia, wajibu waziwazi: mchoraji alitumia watu wa mitaa ya Roma. Vijana wa kushoto wenye kofia za manyoya ya ndege na mikono ya nguo iliyovimba wamevaa kama vijana wa Roma wa mwaka 1600. Aliwataka watazamaji wake wajione wao humo ndani.

Tufike kwa walio uchi. Hapa ndipo wakatekumeni wako wana haki kuliko watu wote ya kuuliza, kwa sababu wale walio mbele kabisa, mmoja kona hii na wengine kona ile, wamejikunja pembeni na kitambaa kiunoni, ndio wao. Ni wakatekumeni. Kanisa la mwanzo lilibatiza kwa kuzamisha majini, na mbatizwa alivua nguo zake zote za zamani kabla ya kushuka. Tazama chini ya ngazi: sakafu inaishia kwenye giza, kama ukingo wa kisima cha ubatizo. Watu hawa walikuja kuzaliwa upya, na badala ya maji wameona upanga.

Sasa mtazame muuaji. Naye amevaa nini? Kitambaa kiunoni tu. Kardinali aliagiza askari. Mchoraji hakumvika hata kipande cha chuma. Wapo wataalamu wanaosema huo ni uchi wa kawaida wa sanaa ya Kigiriki na Kirumi, mwili wenye misuli kwa ajili ya kuonyesha ufundi, na kweli mwili ule ni ufundi mtupu. Mimi naungana na wale wanaosema alikuja amejificha miongoni mwa waliosubiri kubatizwa. Alivua kama wao, akakaa kama wao, zamu yake ilipofika akachomoa upanga. Ukiipokea tafsiri hiyo, hofu ya wale wa pembeni inabadilika sura: hawamwogopi mvamizi aliyetoka nje, bali mtu waliyekuwa wamekaa naye bega kwa bega dakika moja iliyopita.

Sogea karibu zaidi, chukua hata kioo cha kukuzia. Katikati, katika eneo dogo, kuna mikono mitatu. Muuaji ana upanga mkono mmoja, na kwa mwingine amekikamata kifundo cha mkono wa Mathayo. Mathayo, amelala chali katika mavazi yake ya Misa, alba na kasula, ameufungua mkono ule uliokamatwa, vidole vimetanuka. Na juu yake malaika, mtoto mkubwa aliyejilaza juu ya wingu kama mtu anayeinama kutoka tawi la mwembe, amenyoosha mkono chini na kuti la mtende. Kati ya ncha ya kuti na vidole vya Mathayo imebaki nafasi ndogo sana.

Tulia hapo. Mkono wa Mathayo unafanya nini? Ukiangalia muuaji, unaona mkono unaojikinga. Ukiangalia malaika, unaona mkono unaopokea. Ni mkono uleule, mchoraji amekataa kukuchagulia. Na kuna jambo ambalo lilinichukua safari mbili kuliona: anayeuinua mkono ule kuelekea kuti ni muuaji. Amemkamata kwa nguvu apate kumchoma, na kwa kumkamata anamsogeza karibu na ushindi wake. Maana ya kuti hutahangaika kuieleza, wakatekumeni wako wanalibeba kila Jumapili ya Matawi. Waroma wa kale walilijua kama alama ya mshindi, Wakristo wakaliweka mikononi mwa waliokufa kwa ajili ya imani.

Kwa hiyo mzee wako alipoona mwanga juu ya muuaji aliona nusu. Mwanga unaanzia kwenye kifua chake, unateremka kwenye mkono wake kama maji kwenye mfereji, unafika kwenye kiganja kilichofunguka. Yeye ni njia tu. Mdomo wake uko wazi, anapiga kelele. Mathayo mdomo wake umetulia. Na kwa kuwa "hajafa bado", kila kitu kimesimama katika pumzi moja: pigo la mwisho halijashuka, kuti halijashikwa.

Ilikuwa kawaida siku hizo kuchora kifo cha watakatifu kwa ukatili wa wazi. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1563 ulitaka sanaa ya kanisa imfundishe muumini na kumgusa moyo, na huko Roma kanisa la Santo Stefano Rotondo lilijazwa katika miaka ya 1580 picha za ukutani za watakatifu wakichemshwa, wakikatwakatwa, wakiraruliwa na wanyama, kila tukio likiwa na herufi na maelezo chini kwa ajili ya vijana waliokuwa wakiandaliwa kwa upadre. Zile zinakufundisha jinsi ya kufa. Caravaggio aliuliza jambo lingine: wale wanaotazama wanafanya nini?

Lugha yetu hapa inatusaidia kuliko lugha nyingi. Neno la Kigiriki *martys*, ambalo Wazungu wamelichukua kumwita aliyeuawa kwa imani, lilimaanisha kwanza mtu anayetoa ushahidi, kama mahakamani. Wao sasa wana maneno mawili tofauti. Sisi kwa neno tulilopokea kutoka Kiarabu tunasema shahidi, na shahidi ni yule aliyeona na ni yule aliyekufa. Tunasema mashahidi wa Uganda, Karoli Lwanga na wenzake, na tunasema shahidi wa upande wa mashtaka, bila kubadili herufi. Kwenye picha hii kuna shahidi mmoja wa namna ya pili chini kwenye ngazi, na pande zote wamejaa mashahidi wa namna ya kwanza ambao wanatimua mbio.

Wahesabu na darasa lako. Mtumikiaji yule mdogo wa kulia anakimbia huku anapiga mayowe, shingo imegeuka nyuma. Kule kanisani, ukisimama kwenye kizuizi, ukingo wa kulia wa picha ndio ulio karibu nawe, kwa hiyo mtoto yule anakimbia kuja kwako. Vijana wa kushoto wenye kofia nzuri wanarudi nyuma. Mikono inapunga hewa, hakuna anayesaidia. Na kule mbali kabisa, nyuma ya bega la muuaji, kuna uso wa mwanamume mwenye ndevu, nyusi amekunja, ameshageuza mwili kuondoka lakini macho yamebaki kwa Mathayo. Wataalamu wengi wanakubali kwamba huyo ni Caravaggio mwenyewe. Angeweza kujichora akipiga magoti, kama wafadhili wa picha walivyofanya karne nzima. Alijichora miongoni mwa wanaokimbia, akiwa na huzuni usoni.

Huenda mtu akakuambia kwamba miaka sita baadaye, Mei 1606, mchoraji huyo alimuua mtu kwa upanga hapohapo Roma, akakimbia, akafa Julai 1610 akiwa njiani kurudi. Ni kweli, jina la aliyeuawa ni Ranuccio Tomassoni. Lakini naomba usiwafundishe kwamba picha ilitabiri. Mwaka 1600 alikuwa kijana wa miaka 28 aliyepata kazi kubwa na kuimaliza. Uso ule unatosha bila hayo.

Kuhusu kufundishia, nakushauri usianze na hadithi. Waache watazame kimya kwanza, kisha kila mmoja aseme ni nani pichani angekuwa yeye. Nimelifanya hilo na wanafunzi wa rika mbalimbali, na wachache sana hujichagulia Mathayo. Wengi huchagua mtumikiaji, na daima yupo mmoja anayenyamaza. Baada ya hapo ziba kwa karatasi kila kitu isipokuwa ile mikono mitatu, uwaulize mkono wa katikati unafanya nini. Mzee wa jumuiya mwalike siku hiyo.

Na ukurasa wenyewe uhamishe. Umesema umeubandika mkabala na mlango, jua la asubuhi linaupiga kutoka kulia, ndiyo maana sura za nyuma hazionekani na rangi imeanza kupauka. Uweke kwenye ukuta ambao dirisha liko kushoto kwake, mbali kidogo lisiupige moja kwa moja. Hapo mwanga wa chumba chako utaingia upande uleule ulioko ndani ya picha, na utamwona yule mwenye ndevu.